Nakala Inalala Wapi? Historia Fupi ya Kuhifadhi Mipangilio ya Kompyuta ya Nyumbani

Leo naweka kando kidogo mambo ya kuandika programu, tuzungumzie historia. Nimechagua somo hili kwa sababu huku Jilore watu hunijia na kompyuta zilizokataa kuwaka, na swali lao karibu kila mara ni moja: "Fundi, waweza kuirudisha ilivyokuwa jana?"

Jibu langu hutegemea jambo moja tu: toleo la Windows lililomo ndani liliweka nakala ya mipangilio wapi. Miaka zaidi ya 30 sasa swali ni hilo hilo, lakini jibu limebadilika mara nyingi. Kuna wakati nakala ililala ndani ya droo ya meza. Baadaye ikahamia kwenye diski ile ile iliyokuwa ikiilinda. Leo inalala kwenye kompyuta ya mtu mwingine, ng'ambo. Nataka tuifuate safari hiyo hatua kwa hatua.

Kwa asiyepajua, Jilore iko Malindi, kaunti ya Kilifi, kwenye barabara inayotoka Malindi mjini kwenda Sala Gate. Upande mmoja tuna msitu wa Arabuko-Sokoke, upande mwingine mto Sabaki. Kompyuta za huku nyingi ni mitumba: zilifanya kazi ofisini kwanza, zikachoka, ndipo zikaja kwetu. Umeme nao huenda na kurudi bila kubisha hodi. Kwa hiyo mambo ya nakala za akiba kwetu si anasa.

Mipangilio ni nini hasa?

Tuanze na msingi. Kompyuta ina vitu vya aina tatu. Kuna programu, kwa mfano Windows yenyewe na Word. Kuna kazi zako: barua, picha, hesabu za duka. Halafu kuna mipangilio: printa gani imeunganishwa, neno la siri la kuingilia, kadi ya sauti inazungumzaje na mashine, programu zipi ziwake pamoja na kompyuta, na mengine maelfu.

Mipangilio ni kitu kidogo sana kwa ukubwa. Lakini ikiharibika, programu zote na kazi zote hubaki nyuma ya mlango uliofungwa. Ndiyo maana kuihifadhi ni jambo la pekee, tofauti na kuhifadhi barua zako. Shika tofauti hiyo, maana wengi wamelia kwa kuichanganya.

Enzi ya flopi

Windows 3.1 ilitoka mwaka 1992. Mipangilio yake mingi ilikaa katika faili za maandishi ya kawaida: WIN.INI na SYSTEM.INI. Pamoja nazo zilikuwapo CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT za DOS. Ungeweza kuzifungua na kuzisoma kama barua. Aliyetaka nakala alitia flopi ya megabaiti 1.44 na kuandika amri moja:

copy c:\windows\*.ini a:

Basi, kazi imekwisha. Flopi inatiwa droo. Diski ikipatwa na jambo, unasakinisha Windows upya, unarudisha faili zako, na mengi yanakuwa kama yalivyokuwa.

Kulikuwa na matatizo, sikatai. Kila programu ilileta faili yake ya INI, folda ikajaa, na hakuna aliyejua ipi ni ya nani. Flopi nazo zilishika ukungu, hasa huku pwani kwenye unyevu. Lakini tazama jambo moja: nakala ilikuwa nje ya kompyuta, na mwenye kompyuta alijua iko wapi. Hatukuupata tena mpango wa namna hiyo kwa urahisi.

Wagiriama tunalielewa hili bila somo la kompyuta. Bonde la Sabaki lina rutuba, watu hulima hadi ukingoni. Lakini mbegu ya msimu ujao hailazwi bondeni. Hupandishwa lutsagani, dari iliyo juu ya meko, moshi uifukuzie wadudu. Mto ulipofurika wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, ukafurika tena 2018 na tena Novemba 2023, mashamba yaliondoka na maji. Aliyekuwa na mbegu mahali pengine alikuwa na pa kuanzia.

Daftari moja kubwa

Tarehe 24 Agosti 1995 ikaja Windows 95, na mipangilio ikakusanywa pamoja kwenye rejistri. Ifikirie kama daftari moja kubwa lenye kila kitu. (Windows NT ilikuwa na rejistri tangu 1993, lakini hiyo ilikuwa ya maofisini.) Daftari lenyewe lilikuwa faili mbili, SYSTEM.DAT na USER.DAT, na halikuandikwa kwa maandishi ya kawaida. Ulihitaji programu maalumu ya Regedit kulisoma.

Daftari moja ni rahisi kutunza, lakini likipotea limepotea lote. Microsoft walilijua hilo, wakaweka kinga: kila Windows ilipowaka salama, ilinakili faili hizo mbili na kuzipa majina SYSTEM.DA0 na USER.DA0. Asili ikiharibika, nakala inashika nafasi.

Kinga hiyo ilikuwa na tundu. Tuseme leo umesakinisha programu iliyovuruga mipangilio, lakini kompyuta bado inawaka. Kesho asubuhi ikiwaka, inanakili ule uharibifu juu ya nakala nzuri ya jana. Sasa una nakala mbili, zote mbovu. Kilichobaki kilikuwa faili iliyofichwa, SYSTEM.1ST, iliyohifadhi hali ya siku ya kwanza Windows iliposakinishwa. Kati ya jana na siku ya kuzaliwa hapakuwa na kitu.

Nakala pia zilikuwa zimehamia. Zilikaa kwenye diski ile ile, hatua moja tu kutoka kwa asili. Diski ikifa, zinakufa pamoja.

Nakala tano za Windows 98

Kwa maoni yangu, Windows 98 iliyotoka tarehe 25 Juni 1998 ndiyo iliyofanya kazi hii vizuri kuliko zote za nyumbani kabla yake. Programu iliyoitwa ScanReg ilikagua rejistri, na mara ya kwanza kompyuta ilipowaka vizuri kila siku ilitengeneza nakala iliyobanwa. Nakala ziliwekwa kwenye folda ya C:\WINDOWS\SYSBCKUP kwa majina ya RB000.CAB, RB001.CAB na kuendelea. Ilitunza tano, ya sita ilifuta ya zamani zaidi.

Uzuri wake ulikuwa huu: ungeweza kuirejesha bila Windows kuwaka. Unaingia kwenye skrini nyeusi ya DOS, unaandika scanreg /restore, unaonyeshwa orodha yenye tarehe, unachagua. Nakala yenyewe ilikuwa faili ya kawaida ndani ya folda ya kawaida. Aliyetaka aliinakili nje.

Na kwa sababu ilihesabu siku za kuwaka, si siku za kalenda, kompyuta iliyowashwa Jumapili tu ilikuwa na kumbukumbu ya majuma matano. Mwaka 2000, Kenya ilipokuwa kwenye mgao wa umeme kwa sababu ya ukame, jambo hilo dogo lilikuwa na maana kubwa.

Kitufe cha kurudi nyuma

Septemba 2000 ikatoka Windows Me, na ndani yake System Restore. Hapa wazo lilikua. Haikuhifadhi rejistri peke yake, ilihifadhi pia faili za mfumo na za programu, kwa tarehe. Kila hifadhi iliitwa kituo cha kurejesha. Unabofya, unachagua siku, kompyuta inarudi siku hiyo. Barua zako haziguswi.

Wazo zuri, lakini sikiliza kilichotokea. Iligunduliwa kwamba vituo vilivyotengenezwa baada ya tarehe 8 Septemba 2001 havikuweza kurejesha chochote. Kompyuta iliendelea kuvitengeneza na kuviorodhesha kwenye kalenda bila neno. Kasoro ilijitokeza siku ile ulipovihitaji. Microsoft ilitoa kiraka, ila kiraka kilimfaa yule aliyesikia habari na kuwa na intaneti ya kukipakua.

Windows XP ya Oktoba 2001 iliirithi System Restore na kuifanya maarufu. Wengi wenu mliijua kompyuta kupitia XP. Kwenye diski iliyozidi gigabaiti 4, ilikuwa na ruhusa ya kuchukua hadi asilimia 12 ya nafasi, na kwa kawaida ilitunza vituo hadi siku 90. Vituo vilikaa ndani ya folda iitwayo System Volume Information, ambayo hata mwenye kompyuta alizuiwa kuifungua.

Mlango huo uliofungwa ulileta msiba wa kwanza: virusi. Miaka ile ya kati ya 2000 virusi vilisafiri kwa flashi kutoka saiba hadi nyumbani. Kimoja kilichosumbua sana kilikuwa Brontok, cha mwaka 2005 kutoka Indonesia, ambacho kiliifunga Regedit usiweze kuirekebisha rejistri mwenyewe. Virusi vilipoingia, System Restore iliviweka navyo akiba. Programu ya kuua virusi haikuweza kusafisha ndani ya folda ile, kwa hiyo ushauri wa kawaida ukawa: zima System Restore kwanza. Na ukiizima, vituo vyote vinafutwa. Yaani siku unayoumwa ndiyo siku unayoambiwa utupe dawa.

Msiba wa pili ulikuwa umeme. Kompyuta ikizimika ghafla ikiwa inaandika kwenye rejistri, kesho yake unakuta maandishi meupe juu ya skrini nyeusi, kwamba faili ya \WINDOWS\SYSTEM32\CONFIG\SYSTEM haipo au imeharibika. Ujumbe huo nimeuona mara nyingi mno. System Restore haikukusaidia hapo, kwa kuwa ilihitaji Windows iwake ndipo uibofye.

Kulikuwa na njia, lakini ndefu. Unawasha kwa CD ya XP, unabonyeza R, unaingia kwenye chumba cha matengenezo, unanakili faili tano (SYSTEM, SOFTWARE, SAM, SECURITY na DEFAULT) kutoka C:\WINDOWS\REPAIR. Hizo zilikuwa nakala za siku Windows iliposakinishwa. Kompyuta ikiwaka namna hiyo, haikumbuki programu zako. Ndipo unaifungua ile folda iliyofungwa, unatafuta kituo cha karibuni, unatoa mle rejistri ya juzi na kuirudisha. Kazi ya saa moja kwa anayejua. Asiyejua aliambiwa "formati", na formati ilifuta kila kitu, kazi pamoja na mipangilio.

Jambo hilo ndilo linaloniuma. Mwalimu aliyekuwa na mitihani ya miaka mitano kwenye kompyuta hakuwa amepoteza mitihani. Ilikuwa pale pale kwenye diski, haijaguswa. Kilichoharibika kilikuwa daftari la mipangilio tu, na nakala yake ilikuwapo. Lakini kwa kuwa hakuna aliyejua nakala inalala wapi, watu walipoteza kazi kwa ugonjwa mdogo.

Kwenye saiba walifanya kinyume

Wenye saiba walikuwa na suluhisho lao. Wengi walitumia Deep Freeze, programu ya kampuni ya Faronics ya Kanada. Yenyewe haikutunza vituo wala historia. Uliigandisha kompyuta ikiwa safi, na kila ilipozimwa na kuwashwa, chochote kilichofanywa na wateja kilitoweka: virusi, michezo, mabadiliko ya skrini, hata barua uliyoiacha kwenye dawati.

Kwa saiba hiyo ni sawa kabisa, kwa sababu kompyuta ya saiba haina mwenyewe. Kompyuta ya nyumbani haiwezi kuishi hivyo. Yenyewe inabadilika pamoja na watu wake. Lakini saiba zilitufundisha kitu: nakala yao walikuwa wanaijaribu kila siku. Kila asubuhi walijua inafanya kazi.

Nakala iliyokuwa tupu

Tusonge mbele. Windows Vista (2007) na Windows 7 (2009) ziliiboresha System Restore, na zikakuwezesha kuirejesha hata Windows isipowaka. Pia rejistri ilinakiliwa kimya kimya kwenye folda ya C:\Windows\System32\config\RegBack. Mafundi waliipenda sana folda hiyo. Faili zile zile tano, unazinakili, kompyuta inafufuka.

Ikaja Windows 10 mwaka 2015. Kwenye kompyuta nyingi System Restore ilikuja ikiwa imezimwa. Halafu kuanzia toleo la 1803 la mwaka 2018, Windows iliacha kuandika nakala kwenye RegBack. Folda ilibaki, majina ya faili yalibaki, ila ukubwa wake ulikuwa sufuri. Ratiba ya kunakili iliendelea kuripoti kwamba imefaulu. Microsoft ilieleza kwamba ilifanya hivyo makusudi, kupunguza nafasi ya diski inayoliwa na Windows.

Rejistri yote, kwa kadiri niliyoona kwenye mashine za huku, ni megabaiti chache tu za mamia. Mtu wa Jilore angetoa nafasi hiyo bila kusita, kama angeulizwa. Hakuulizwa. Unaona mfano wa Windows Me unavyojirudia? Kitu kinachosema "tayari" huku mkononi hakina kitu.

Sasa nakala iko ng'ambo

Hatua ya mwisho ni wingu. Kabla ya 2009 hakuna ambaye angeliwazia huku kwetu. Mwaka huo ndipo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, na polepole intaneti ikawa kitu cha nyumbani. Leo Windows inaweza kutuma mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Kwa mara ya kwanza tangu flopi, nakala iko nje ya kompyuta. Hilo ni jema, nisiwe mchoyo wa sifa. Kompyuta ikiibwa au ikiungua, nakala ipo.

Lakini nakala ya wingu haibebi rejistri yote. Inachukua baadhi ya mipangilio, manenosiri ya mtandao, orodha ya programu. Nafasi ya bure ni gigabaiti 5. Na ili kuifikia unahitaji akaunti, neno la siri na bando.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft ilitangaza Juni 2025 njia tatu za mtu wa nyumbani kupata masahihisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi: kulipa dola 30, kutumia pointi 1,000 za zawadi zao, au kukubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye wingu lao. Kitu tulichokifanya kwa flopi na amri moja, sasa kimekuwa nauli. Simkatazi mtu kuichukua nafasi hiyo. Mashine nyingi za mitumba huku haziwezi kupokea Windows 11, na kukaa bila masahihisho ni hatari. Nasema tu ujue unachobadilishana.

Kwa hiyo tufanyeje?

Hii ndiyo orodha ninayowapa majirani. Haina gharama zaidi ya flashi moja au mbili.

1. Washa System Restore. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda System Protection, uiwashe kwa diski C. Tengeneza kituo kabla ya kusakinisha chochote kigeni.

2. Rudisha nakala za RegBack. Ndani ya Regedit, nenda HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Configuration Manager, ongeza thamani ya aina ya DWORD iitwayo EnablePeriodicBackup, uipe 1. Zima na kuwasha. Baada ya siku chache fungua folda, hakikisha ukubwa si sufuri.

3. Tengeneza flashi ya kufufulia, ya gigabaiti 16 au zaidi, kwa programu ya Recovery Drive iliyomo ndani ya Windows. Iandike jina, uiweke mbali na kompyuta.

4. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, andika ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Kompyuta nyingi za Windows 11 huja zimefungwa hivyo bila mwenyewe kujua. Bila ufunguo, nakala zote za ndani ni mapambo.

5. Barua na picha zinakiliwe kando. Hakuna hata kimoja kati ya vinne vya juu kinachozitunza.

6. Jaribu. Chagua siku usiyo na haraka, rejesha kituo kimoja, uone kinafanya kazi.

Wanaotumia Linux wana raha kidogo: mipangilio ya mfumo bado ni maandishi ya kawaida ndani ya /etc, na ya mtu iko ndani ya folda yake. Unainakili kwenye flashi kama tulivyofanya mwaka 1992.

Nikikusanya historia yote hii naona mambo mawili tu. Nakala iliyo kwenye diski moja na asili haikulindi diski ikifa. Na nakala ambayo hujawahi kuirejesha huna hakika nayo, hata kompyuta iseme nini. Kwa hiyo kabla hujaamini maneno "imehifadhiwa salama" kwenye skrini, jiulize: inalala wapi, na mara ya mwisho niliiamsha lini?

Haya, umeme ungalipo leo. Nenda kaanze na namba moja. Tuonane wakati mwingine, inshallah.